Namna ya Kufuatilia Kimbunga na Kujiandaa Nacho katika Pwani ya Kusini mwa Tanzania

Kwa muda mrefu wakazi wengi wa pwani yetu wamevihesabu vimbunga kuwa msiba wa Madagaska, Komoro na Msumbiji, lakini historia haiungi mkono hesabu hiyo. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kiliwaweka watu wa Mtwara roho juu kabla ya kuingia Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili, na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Anayeishi kati ya Rufiji na Mtwara ana kila sababu ya kujua namna ya kukifuatilia kimbunga tangu kingali baharini, hasa kuanzia Novemba hadi Mei mwanzoni.

Taarifa ya kwanza kuishika ni ile ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa sababu ndiyo inayozungumzia wilaya yako. Anayetaka kuona njia ya kimbunga kwenye ramani atazame pia taarifa za kituo cha Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kilichopo kisiwani La Réunion, ambacho ndicho kituo cha kanda kwa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Taarifa iliyosambazwa kwenye simu bila tarehe wala saa isitumiwe kwa uamuzi wowote, hata ikiwa imetumwa na ndugu unayemwamini, kwani ramani ya kimbunga huchakaa ndani ya saa chache.

Vituo vya kimataifa huandika saa za Greenwich, na kwetu ni lazima kuongeza 3. Vipimo vya kila saa 6 vikigeuzwa kwa saa zetu huwa ni vya saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, na taarifa hutoka muda mfupi baadaye. Kwa kila taarifa andika daftarini mahali kilipo kitovu, kasi ya upepo, mwelekeo na mwendo wa kimbunga chenyewe. Kasi ya upepo ikiwa imeandikwa kwa kipimo cha mabaharia (knots, au kt), izidishe kwa 1.85 upate kilomita kwa saa. Katika kanda yetu dhoruba hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili unapofikia 118. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kukueleza ukubwa wa hatari.

Hesabu iliyo muhimu kuliko zote ni ya muda uliobaki, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa husubiri kitovu wakati upepo hutangulia mbali. Tuseme kitovu kiko kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko, kinasogea kilomita 15 kwa saa, na upepo mkali umeenea kilomita 100 kukizunguka. Kitovu kina saa 20 kufika, lakini upepo mkali una saa 13 tu, na kazi ya kupanda juu ya paa haifanyiki ndani ya upepo huo. Saa hizo zikiangukia usiku, kazi zote zimalizike kabla ya magharibi. Ikumbukwe pia kwamba ule mwavuli unaochorwa mbele ya kimbunga kwenye ramani huonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita. Mvua na mawimbi hufika nje yake.

Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama mishale ya saa, na jambo hili lina maana kubwa kwa pwani inayotazama mashariki. Kimbunga kinachotoka baharini kuelekea magharibi huvuma kutoka baharini kuja nchi kavu upande wa kusini wa kitovu, na upande wa kaskazini huvuma kutoka bara kwenda baharini. Ikiwa kinatazamiwa kupita kaskazini kidogo ya kijiji chako, maji ya bahari yatasukumwa kwako, na yakikutana na maji kujaa wakati wa bamvua yatapanda zaidi ya mstari uliouzoea. Wavuvi wanajua tarehe za bamvua bila kuangalia kitabu, waulizwe mapema.

Simu ikizimika, upepo wenyewe unatoa habari. Mara upepo wa dhoruba unaposhika, simama mahali palipo wazi na salama, uupe mgongo: kitovu kitakuwa takriban mkono wako wa kulia. Ukianza kuvuma kutoka kusini kisha ukageuka polepole kuja kutoka baharini, kitovu kinapita kaskazini yako; ukigeuka kuja kutoka bara, kinapita kusini yako. Ukibaki palepale huku ukizidi nguvu, kinakuja moja kwa moja. Katika hali hiyo utulivu wa ghafla katikati ya dhoruba ni jicho la kimbunga, na hakuna ruhusa ya kutoka nje, kwa maana upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Kuhusu nyumba, anza na paa. Bati lililolegea ni hatari kwa mwenye nyumba na kwa jirani, kwa hiyo gongomea misumari upya na ufunge kenchi kwa waya hadi kwenye nguzo za ukuta. Mawe na matairi juu ya paa yaondolewe, kwani hayazuii bati bali huanguka pamoja nalo. Nyumba ya makuti au ya udongo si mahali pa kungojea kimbunga kamili. Wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto wahamishwe mchana, kwa wakati, kwenda shule, msikiti, kanisa au nyumba imara iliyo mbali na ufuko na mikondo ya mito, kwa maelewano na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Ngalawa na mashua zivutwe juu ya mstari wa bamvua, tanga na mlingoti vishushwe, mashine ifunguliwe ipelekwe nyumbani, na kamba zifungwe kwenye nguzo iliyochimbiwa. Mnazi haufai, kwa sababu nao unaweza kuanguka.

Akiba ndiyo ninayoisisitiza zaidi, kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2024. Hidaya kilipungua nguvu kilipokaribia pwani, na wapo waliodhani mambo yamekwisha, lakini mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi wilayani Kilwa, na safari zikasimama. Upepo unaweza kufifia na maji yakabaki kuwa maafa kamili. Kwa hiyo kila kaya iweke chakula kisichohitaji mapishi marefu, dawa za wanaozitumia kila siku, na angalau lita 4 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, kwa siku kadhaa, katika madumu yaliyofungwa. Vyeti, hati za kiwanja na kadi za kliniki vifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Simu na tochi zichajiwe kabla umeme haujakatika, na redio ya betri iwepo.

Baada ya kimbunga kupita, usiguse waya ulioanguka wala kuvuka maji yanayotembea juu ya barabara, na ukihitaji uokoaji piga 114 kwa Zimamoto au 112 kwa Polisi. Maji ya kisima kilichofikiwa na mafuriko yachemshwe au yatiwe dawa hadi kisima kisafishwe, maana kipindupindu hufuata maji machafu. Wavuvi wasirudi baharini kwa kuona anga limetakata tu. Mawimbi hubaki makubwa baada ya upepo kutulia, na inafaa kusubiri mpaka tahadhari ya bahari iondolewe.