Wape wazazi udongo kwanza, maneno baadaye

Ukiwakusanya wazazi wa watoto wadogo, usianze na maelezo. Anza na udongo. Hapa Dodoma upo mlangoni: loweka, toa mawe, kanda mpaka usigande vidoleni. Kila mzazi apate donge lake, na mtoto lake.

Mama aliyekuja kimya huanza kuongea mikono ikishapata kazi, nimeliona hili mara nyingi. Mmoja alifinyanga kachungu, mwanawe akakatoboa kwa kidole. Badala ya kumkemea, akamwuliza, "Hii ni nini, mwanangu?" "Nyumba ya panya." Basi wakaanza kumtafutia panya chakula. Hapo ndipo penye kazi yote: mzazi kuuliza, kisha kusubiri jibu bila kumharakisha mtoto.

Baba naye asikae pembeni. Mpe chupa tupu na punje za mtama atengeneze kayamba. Kifuniko kifungwe kwa gundi, maana watoto hutia punje puani. Kwa Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, kwa hiyo bibi akiwepo, mwachieni aongoze mdundo. Dakika 20 zinatosha.