Nionyeshe Kwanza Mama Yake

Mbwa wangu wa kwanza nilimnunua kituo cha mafuta. Muuzaji alikuja na boksi la maji ya chupa, akalifunua, katoto ka mbwa kakanilamba kidole, nikatoa 350,000. "Jaman Shepadi halisi, bosi. Wiki nane." Siku ya nne kakaanza kutapika, siku ya tano kakaharisha damu, siku ya sita nikakazika nyuma ya tenki. Daktari wa mifugo alikuwa amekafungua mdomo na kutazama meno: "Huyu hajafika hata wiki sita." Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Ugonjwa huo hujificha siku tatu hadi saba, wakati mwingine zaidi, kabla ya kujionyesha, kwa hiyo daktari aliona yaelekea kalitoka nao huko huko.

Tangu hapo nina sharti moja: sinunui mbwa ambaye mama yake sijamwona.

Utapewa visingizio. Mama yuko shamba. Mama ni mkali, amefungiwa. Mmoja aliniambia mama kasafiri. Mbwa anasafiri kwenda wapi, harusini? Ukweli ni kwamba dalali hana mama wa kukuonyesha. Anakusanya watoto huku na huku, anawachanganya kwenye banda moja, na mmoja akiwa na parvo anawagawia wenzake. Ukiona mtu mmoja anauza Jaman Shepadi, Rotwaila na paka wa manyoya kwa wakati mmoja, huyo ni dalali hata kama anakuapia.

Ukipelekwa kwa mama, usiwakimbilie watoto. Watoto wote wanapendeza, ndiyo biashara yenyewe. Mtazame mama. Kama ananyonyesha, au aliacha juzi tu, matiti yake yatakuwa yamevutika na kuning'inia, na watoto wakimwona watamkimbilia. Jike mwenye tumbo kavu kama la msichana, ambaye watoto hawana habari naye, ameazimwa kwa ajili yako. Mwangalie anavyoinuka pia. Jaman Shepadi wanasumbuliwa sana na nyonga, na ubovu huo hurithiwa. Akiinuka kwa kujikokota, au kiuno kikiyumba anapotembea, aga uondoke. Kukuungurumia kidogo si kosa, ana watoto. Lakini akinywea hata anapoguswa na mwenye nyumba, ujue analelewa kwa fimbo.

Halafu uliza kama unapiga soga tu: ana miaka mingapi, na huu ni uzao wa ngapi? Jike huingia joto takriban kila miezi sita, na mimba ni siku 63 hivi. Asiye na huruma humzalisha kila joto, bila kumpumzisha. Ukijibiwa miaka mitatu, uzao wa nne, piga hesabu mwenyewe.

Kadi ya chanjo nayo isikutie kiwi. Yangu ilikuwa na muhuri mzuri wa bluu usio na jina la mtu. Kadi ya kweli ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo, pamoja na tarehe na jina la daktari. Mpigie huyo daktari. Chanjo ya kwanza ya parvo hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida husubiri miezi mitatu. Mtoto wa wiki saba ambaye kadi inasema "amemaliza zote" hajamaliza kitu. Na tumbo lililovimba kama puto juu ya mbavu zinazohesabika si shibe, mara nyingi ni minyoo.

Pesa usitume kabla. Kama uko mbali, omba video ya watoto wakiwa na mama yao, na muuzaji alitaje jina lako humo ndani. Wenye picha za kuiba huishia hapo.

Kuna mtego mmoja ulionikamata mara ya pili, nao ni huruma. Unakuta kitoto kimekonda, unasema nikiokoe. Nilikiokoa, na wiki iliyofuata boksi la muuzaji lilikuwa na vingine vinne, kwa pesa yangu.

Mara ya tatu nilikwenda kwa mama mmoja mfugaji wa Goba, Dar es Salaam, na maswali yakageuka, akawa yeye ndiye anayeniuliza. Una ukuta? Mchana atashinda bandani kwa muda wa saa ngapi? Nani atampikia ukisafiri? Nilipomwambia kuhusu parvo akakataa kuniuzia. Kirusi kile hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka; sakafu ya saruji unaiosha kwa jiki, lakini udongo haukubali. "Nenda, baba, urudi mwakani." Nikasubiri mwaka kwa mbwa ambaye hata hajazaliwa. Akaongeza kwamba nikishindwa kumfuga nimrudishe kwake, nisimpe mtu.

Kwa paka sina mengi, ila mtoto abaki na mama yake wiki 12. Yule wa uso bapa, sikiliza mama yake anavyopumua: akikoroma akiwa macho, mwanawe naye huenda akakoroma.

Niliporudi Goba mwaka uliofuata nilipewa mbwa, pamoja na vitu viwili vya kwenda navyo nyumbani: kitambaa alichokuwa akilalia mama mbwa, na mfuko wa dona na dagaa wa kutosha wiki moja. "Usimbadilishie chakula ghafla, ataharisha, halafu utanipigia simu usiku unalia parvo." Nilimpigia hata hivyo, usiku wa pili. Alikuwa amekula ndala.