Kijana anaporefuka ghafla, usimkimbize kwenye miruko

Mchezaji wa kiume wa miaka 13 au 14 anayerefuka kwa kasi huweza kupoteza ulinganifu wa miondoko kwa muda, na mruko wake ukasuasua. Si uvivu. Mpime urefu kila miezi 3. Ukipima mruko ukutani kwa chaki, kwenye alama ya mruko punguza ile aliyofikia kwa mkono akiwa amesimama, la sivyo urefu wake utakudanganya.

Kipindi hicho seti 3 za miruko 5, mara 2 kwa wiki, zinatosha. Kazi kubwa iwe kutua: mbele ya wayo kwanza, magoti yakunjike bila kuingia ndani. Akiumwa kwenye kinundu kilicho chini ya pia ya goti, simamisha miruko, asiambiwe avumilie.