Kuishi bila televisheni ukiwa na usonji

Nina usonji, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na nyumbani kwangu hamna televisheni. Mwanga ule unaorukaruka na matangazo yanayopaa sauti ghafla vilinichosha hadi nikashindwa kula.

Usiiondoe kwa siku moja. Ifunike leso kwanza, wiki mbili hivi, uzoee ukimya. Habari nazipata Redio Taifa, mara moja kwa siku, sauti ya chini.

Kigumu hasa ni saa mbili usiku, pale ulipozoea kukaa mbele yake. Ipangie saa hiyo kazi mapema, tena ileile kila siku. Mimi hukatakata sukuma wiki, jani moja moja, halafu nasoma. Kitabu cha kwanza nilikisomea Maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa 1931.

Jirani akifungulia yake kwa kelele, mwendee mchana, kabla hujalemewa.