Namna ya Kuongoza Mjadala wa Maadili Baada ya Kutazama Tamthilia ya Kutisha

Kikundi kinapomaliza kutazama tamthilia ya mapepo au watoa roho, mazungumzo huishia upesi kwenye yale yaliyotisha na yale yasiyoaminika. Ili yafike kwenye maadili, kiongozi anapaswa kuwaelekeza wenzake kwenye swali moja: jambo jema lililotendeka lilitoka wapi, na nani alilipia? Mfano ninaoupendelea ni "Faith", sehemu ya 12 ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya Kimarekani Supernatural, iliyorushwa Marekani Januari 17, 2006. Ni fupi, haifiki saa nzima, na haihitaji mtazamaji awe ameona sehemu zilizotangulia.

Kwanza itazame peke yako huku ukiandika nani alijua nini, na alilijua wakati gani. Dean Winchester, mwindaji wa viumbe waovu, anapigwa na shoti ya umeme akiwaokoa watoto wawili, moyo wake unaharibika, na madaktari wanampa wiki chache tu za kuishi. Ndugu yake Sam anampeleka Nebraska, kwenye hema la Roy Le Grange, mhubiri kipofu anayeponya kwa kuwawekea wagonjwa mikono. Dean anapona. Baadaye wanagundua kwamba saa ileile alipopona, Marshall Hall, kijana wa miaka 27 aliyekuwa na afya njema, alikufa kwa moyo. Roy hajui lolote. Mkewe, Sue Ann, ndiye aliyemfunga kwa uganga wa giza mtoa roho, kiumbe anayechukua uhai wa mtu mmoja ili mwingine apone, kwanza ili kumwokoa mumewe na saratani, kisha ili kuwaondoa watu ambao yeye mwenyewe amewahesabu kuwa waovu.

Usiwaonyeshe watu sehemu yote kwa mkupuo. Isimamishe mara tu Dean anapopona, kabla siri haijafichuka, umwombe kila mmoja aandike kwa sentensi moja kama Sam alifanya vyema kumpeleka ndugu yake pale. Takriban wote watasema ndiyo, na hati hiyo ndiyo mtaji wako, kwa kuwa kifo cha Marshall kikishajulikana utawarudishia maneno yao na kuuliza ni kipi kilichobadilika: kitendo chenyewe, au habari tulizo nazo? Hapo wacha wabishane kwa muda mrefu. Wapo watakaosema asiyejua hana hatia, na wapo watakaojibu kwamba kutokuwa na hatia hakumfutii mtu deni. Tofauti hiyo kati ya hatia na deni ina thamani kuliko hukumu yoyote watakayoitoa juu ya Sue Ann, ambaye kusema kweli ni rahisi mno kumlaumu.

Hata hivyo, Sue Ann ana kazi moja muhimu katika mjadala. Marshall alikuwa shoga asiyejificha, na mwathirika mwingine alikuwa mtetezi wa haki ya kutoa mimba; ndiyo sababu waliteuliwa. Katika vikundi vingi vya kwetu kuna mtu atakayenong'ona kwamba basi walistahili. Usimkemee wala usimpite. Mwombe aieleze hoja yake kikamilifu, kisha uulize kikundi hoja hiyo inatofautiana wapi na ya Sue Ann, na ni nani angekuwa salama iwapo orodha ya wanaostahili kufa ingeandikwa na jirani yake.

Mjadala unaweza pia kurukia Loliondo na kikombe cha dawa cha Babu, kilichovuta maelfu ya watu mwaka 2011, au mhubiri fulani wa mtaani. Ruhusu dakika chache, kisha uwarudishe, maana swali la kama mhubiri ni wa kweli au tapeli halimo katika hadithi hii. Uponyaji wa Roy unafanya kazi, na yeye mwenyewe anaamini kwa moyo safi. Mkiupoteza ukweli huo, mtakuwa mnajadili utapeli.

Kituo cha mwisho ni Layla, msichana mwenye uvimbe kwenye ubongo usioweza kupasuliwa. Zamu yake ya kuponywa inapofika, mtoa roho yuko nje akimfuatia mtu aliyekuwa akimpinga Roy hadharani, na Dean anapiga ukelele wa moto ili hema litawanyike. Mtu yule anapona. Layla anakosa zawadi ambayo Dean mwenyewe aliipata. Wagawe wanakikundi wawili wawili, mmoja aseme kwa niaba ya mama yake Layla, mwingine kwa niaba ya Dean, kisha wabadilishane nafasi. Mama hana haja ya kusema uongo ili aonekane ana haki: binti yake hakumdhuru mtu, hajui lolote kuhusu mtoa roho, na amengoja muda mrefu kuliko Dean. Ikiwa anayemtetea Dean atajibu tu kwamba sheria ni sheria, mwulize mbona Dean bado anapumua.

Tenga robo saa nzima kwa mazungumzo ya mwisho kati ya Layla na Dean, ambapo msichana anasema kwamba imani haiwezi kuwapo siku za miujiza pekee, na Dean, asiyeamini, anaahidi kumwombea. Uliza kama ahadi hiyo inalipa deni lolote, na usikubali jibu la pamoja. Kila mmoja ajibu peke yake, kwa maandishi, kabla ya kuondoka.