Kabla ujaze begi na mipira ya gofu, iogeshe kwanza

Wasee wa gofu hapa Nairobi, kama unanunua ile mipira ya kuokotwa bwawani, jaribu hii kwanza. Chukua lita moja ya maji moto, mwaga chumvi kama gramu mia tatu, koroga mpaka iishe alafu utumbukize mpira, utaelea tu hata kama kwa maji ya kawaida unazama kama jiwe. Weka doti na maka peni hapo juu penye pametokeza, uzungushe kwa kidole, ngoja utulie. Doti ikirudi juu kila mara ukizungusha, huo mpira ndani uko mzito upande mmoja, na kwa grini (pale penye nyasi fupi na shimo) utakuhepea shimo ukidhani ni mkono wako ndio mbovu (saa zingine ni mkono kweli). Mimi hiyo naachia mazoezi.

Ya kucheza chagua aina moja ukae nayo. Ganda la yurethani (plastiki laini) linashika grini vizuri ukichipu, yaani ukipiga mpira mfupi kuelekea shimo, lakini bei inauma, kwa hivyo kama bado unapoteza mipira minne kwa raundi nunua ya sarlini (aina nyingine ya plastiki), hiyo ni ngumu haichubuki haraka.