Namna ya Kula Vyakula vya Asia Mtaa kwa Mtaa Queens, New York

Mgeni anayefika New York kwa kawaida hula Manhattan, karibu na hoteli yake au karibu na majengo marefu aliyokuja kuyaona, na huondoka akiwa amelipa fedha nyingi kwa chakula ambacho angeweza kukipata katika jiji lolote kubwa. Anayetaka kujua jiji hilo linakula nini avuke mto kwenda Queens, mojawapo ya wilaya tano zinazounda New York, ambako sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 2.4. Karibu nusu ya wakazi hao wamezaliwa nje ya Marekani, na wengi wao wametoka Asia. Hali hiyo ina chanzo chake. Tarehe 3 Oktoba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya uhamiaji iliyofuta mgawo uliokuwa ukiwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, na katika miongo iliyofuata Wachina, Wahindi, Wafilipino, Wakorea, Wabangladeshi na baadaye Wanepali walijenga mitaa yao pembezoni mwa reli. Migahawa waliyoifungua haikukusudiwa watalii. Ilikusudiwa kumlisha jirani aliyetoka kazini usiku, na jambo hilo moja ndilo linalopaswa kuongoza kila uamuzi wako: agiza kile ambacho mpishi anawapikia watu wa kwao.

Reli yenyewe ni treni namba 7, inayotoka Hudson Yards, ikapita Times Square na Grand Central, ikavuka kwa chini ya mto, kisha ikapanda juu ya nguzo za chuma na kufuata Barabara ya Roosevelt kwa sehemu kubwa ya safari yake hadi kituo cha mwisho, Flushing–Main Street. Huna haja ya tiketi ya karatasi, kwa kuwa unagusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine ya lango na nauli inakatwa. Kumbuka, hata hivyo, kwamba ukitoka kituoni na kurudi ndani utalipa upya, na kwa sababu hiyo ni vizuri kuteremka mahali pamoja na kuendelea kwa miguu. Kutoka kituo cha 61st Street huko Woodside hadi 74th Street huko Jackson Heights ni mwendo usiozidi dakika ishirini chini ya reli, na katika mwendo huo utapita kwa Wafilipino na kufika kwa Wahindi, Wabangladeshi na Watibeti bila kulipa nauli ya pili. Mwishoni mwa wiki treni hii mara nyingi hupunguziwa safari kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kutoka.

Usijaribu kumaliza Queens yote kwa siku moja. Chagua mtaa mmoja, uende na watu wawili au watatu, na muwe na njaa ya kiasi, kwa maana mtu aliyeshikwa na njaa kali huingia mlango wa kwanza anaouona, akashiba, na siku yake ikaishia hapo. Mkiwa wachache mnaweza kugawana sahani moja kila mnapoingia, mkatembea, kisha mkaingia kwingine. Saa ninazozipendekeza ni kati ya saa nane na saa kumi alasiri siku za kazi, wakati ambapo msongamano wa mchana umepungua na muuzaji ana nafasi ya kukueleza kilichomo katika kila sinia. Jumapili ni siku ya familia. Kuna uhondo mkubwa wa kutazama, lakini utasubiri meza.

Utaujuaje mgahawa mzuri usipokuwa na mwenyeji? Mimi siziamini sana nyota za kwenye simu, kwa sababu wanaozitoa mara nyingi hupima tabasamu la mhudumu na upana wa viti, mambo ambayo mgahawa wa mtaani haukuahidi. Tazama kwanza walioketi: kama wapo wazee na watoto wa jamii ileile ya mpishi, wanakula bila kutazama menyu, hiyo ni dalili nzuri. Tazama pili karatasi zilizobandikwa ukutani kwa mkono, maana mara nyingi ndizo zinazotaja vyakula vya siku, vile ambavyo havikuwekwa kwenye menyu ya Kiingereza. Mwoneshe mhudumu karatasi hiyo kwa adabu na uulize ni kitu gani. Tatu, pendelea mahali penye vyakula vichache. Jiko dogo linalodai kupika tambi za Thailand, sushi za Japani na kuku wa Kihindi kwa pamoja haliwezi kuvijua vyote sawasawa.

Mlangoni au dirishani utaona herufi kubwa. Tangu Julai 2010 idara ya afya ya jiji imeitaka migahawa ioneshe daraja la usafi: alama za makosa kuanzia 0 hadi 13 hupata A, 14 hadi 27 hupata B, na 28 kwenda juu hupata C. Herufi hiyo inahusu usafi wa jiko na namna chakula kinavyohifadhiwa, wala haisemi lolote juu ya ladha. Ikiwa tumbo lako ni jepesi, shikamana na A.

Sehemu ninayomshauri msomaji wa Kiswahili aanzie ni Jackson Heights, kwa sababu hapo ulimi wake una mahali pa kusimama. Ukiteremka kituo cha 74th Street–Broadway unakuta maduka ya dhahabu, ya vitambaa na ya viungo, pamoja na jalebi na ladu zilizopangwa nyuma ya vioo kama zile za Mombasa au Kisutu, Dar es Salaam. Mtaa wa 74 umejulikana kwa Wahindi tangu zamani, lakini siku hizi nguvu ya jikoni iko zaidi Mtaa wa 73, kwa Wabangladeshi. Huko ulizia biriani iitwayo kacchi, ambayo wapishi wengi huipika zaidi mwishoni mwa wiki. Nyama mbichi ya mbuzi iliyolowekwa kwenye mtindi na viungo hutandazwa chini ya sufuria pamoja na viazi, wali ulioiva nusu huwekwa juu yake, kisha sufuria hufunikwa na kuzibwa ili vyote viivie humohumo kwa moto mdogo. Aliyelelewa na biriani ya Zanzibar, ambayo rojo lake hupikwa peke yake na wali peke yake mpaka vikutane sahanini, atahisi tofauti mara moja: hapa hakuna mchuzi wa kumwagia, na mafuta ya nyama yamekwisha kupanda ndani ya kila punje. Usidhani umepunguziwa. Agiza pia glasi ya borhani, kinywaji cha mtindi chenye nanaa, chumvi na pilipili, ambacho hukata uzito wa mafuta kuliko soda yoyote.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa watembea kwa miguu uitwao Diversity Plaza na vijia vinavyouzunguka, wapo wauzaji wa fuchka. Mtu anayeijua pani puri ya Dar es Salaam au Nairobi ataitambua kwa sura: kibumba cha unga kilichokaangwa hadi kikatutumka na kuwa kitupu ndani. Muuzaji hukitoboa kwa kidole gumba, hukijaza viazi vilivyopondwa pamoja na njegere kavu zilizochemshwa, vitunguu, pilipili mbichi na giligilani, kisha hukuna yai la kuchemsha juu yake. Maji ya ukwaju huletwa kando kwenye kikombe. Yamimine mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na ukitie kibumba kizima kinywani hapohapo, kwa kuwa kikikaa dakika mbili kinalainika na utamu wake wote unapotea. Kabla hajaanza mwambie kiasi cha pilipili unachokitaka, maana pilipili ya kawaida ya Bangladesh ni kali hata kwa mtu wa pwani.

Chakula cha tatu cha mtaa huu ni momo za Watibeti na Wanepali: vifuko vya unga vilivyojazwa nyama ya kusaga na kupikwa kwa mvuke, vikifungwa juu kwa mikunjo midogo iliyobanwa kwa vidole. Sahani huwa na vipande vinane hivi na hutosha kabisa watu wawili kuonja. Ndani ya kila kifuko kuna mchuzi wa moto. Kwa hiyo ng'ata kidogo ukingoni, unyonye mchuzi huo, ndipo utie achari ya nyanya na pilipili na ule kilichobaki. Baadhi ya wanaoziuza wamo ndani kabisa ya maduka ya simu au ya nguo, nyuma ya korido nyembamba, wengine wako kwenye vibanda vya magurudumu. Usione haya kuuliza. Watu wa mtaa huo wamezoea kuwaelekeza wageni. Ukipenda vitu baridi, ulizia laphing, tambi za wanga zenye siki na pilipili, laini na zenye kuteleza.

Woodside, karibu na kituo cha 69th Street, ni kwa Wafilipino. Vyakula huwekwa kaunta ndani ya sinia na unaonesha kwa kidole, sawa kabisa na kwa mamalishe. Kare-kare, mkia wa ng'ombe katika rojo la karanga, na sinigang, supu chachu ya ukwaju, zitakupendeza, lakini asiyekula nguruwe aulize kila sinia, kwa kuwa nyama hiyo hutumika sana jikoni mwao. Elmhurst, jirani wa kusini wa Jackson Heights, inasifika kwa vyakula vya Thailand na vya Indonesia. Kwa Wathai sema wazi kama huli samaki, kwa maana hata mboga tupu hutiwa mchuzi wa samaki waliochachushwa. Kwa Waindonesia, upande wa Astoria, mtaa mwingine wa Queens, upo Msikiti wa Al-Hikmah, ambao katika miezi ya joto huandaa soko la vyakula uani. Mishkaki ya sate yenye rojo la karanga na nyama iliyopikwa kwa tui la nazi vitamfanya mtu wa Tanga ajione amefika nyumbani.

Flushing inahitaji siku yake peke yake, na inahitaji ujasiri kidogo, kwa sababu umati ni mkubwa na maandishi mengi ni ya Kichina. Anzia ukumbi wa chakula ulio chini ya jengo la New World Mall, mbele ya kituo. Zunguka mara moja bila kununua, ukitazama ni vibanda vipi vyenye foleni na wapi tambi zinavutwa kwa mkono mbele ya wateja. Unapoamua, onesha picha, lipa, pokea namba, na mmoja wenu akashike meza. Katika mtaa huuhuu, chini ya jengo la Golden Shopping Mall, David Shi alianzisha mwaka 2005 kibanda kilichokuja kuwa Xi'an Famous Foods, chenye matawi katika sehemu mbalimbali za jiji. Nyama yake ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili inatokana na mapishi ya Waislamu wa mji wa Xi'an, ila mgahawa wenyewe huuza nguruwe pia. Anayetaka halali kwa Wachina atafute maandishi 清真 juu ya mlango, au aende kwa Wauyghur, Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China, ambao tambi zao za laghman na mishkaki yao havihitaji maelezo mengi. Hata kwa Wabangladeshi na Wapakistani, ambao karibu wote huandika halali dirishani, si vibaya kuuliza kama nyama imechinjwa kwa mkono iwapo jambo hilo lina uzito kwako.

Kwa wasiokula nyama, mwendo wa dakika ishirini hivi kutoka kituo cha Flushing, katika Bowne Street, lipo Hekalu la Ganesh lililofunguliwa mwaka 1977. Chini yake kuna kantini iliyo wazi kwa kila mtu, na dosa zake, zilizotengenezwa kwa uji wa mchele na dengu uliochachushwa na kukaangwa hadi zikakauka ukingoni, ni miongoni mwa vitu bora kabisa unavyoweza kula Queens kwa bei ndogo. Ukitaka kupanda hekaluni, vua viatu.

Kuhusu malipo, bei ya kwenye menyu si bei utakayolipa: kodi ya mauzo ya asilimia 8.875 huongezwa juu yake. Ukihudumiwa mezani, ongeza bakshishi ya asilimia 18 hadi 20, kwa sababu kipato cha mhudumu wa Marekani hutegemea fedha hiyo. Ukijichukulia mwenyewe kaunta, hulazimiki, ingawa dola moja au mbili hupokewa kwa shukrani. Beba noti ndogo. Migahawa mingi midogo na karibu vibanda vyote vya barabarani hupendelea fedha taslimu.

Mwisho, ukiwa New York kati ya Aprili na Oktoba, ipo njia ya kuonja nchi nyingi kwa jioni moja: Queens Night Market, soko la Jumamosi usiku lililoanzishwa mwaka 2015 katika bustani ya Flushing Meadows Corona, ambako bei ya vyakula imewekewa kikomo cha dola 5, vichache vikifika 6. Husimama kwa muda kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba kupisha mashindano ya tenisi ya US Open. Fika mapema, kabla foleni hazijarefuka, na ukikipenda chakula cha muuzaji fulani muulize kama ana mgahawa mtaani, kwa kuwa baadhi yao wanao, na huko utakula ukiwa umekaa na kuweza kuongea naye kwa utulivu.